ASKARI NA BOMA LAKE

(Maneno yaliyosemwa Nyangoto, Mkoa wa Mara)



Tumeombwa tuseme juu ya maisha ya askari wa kazi, yaani mtu ambaye jeshi ndilo lililokuwa jembe lake. Hapa Ukuryani jambo hili si geni. Tangu siku za Keya baba zetu waliandikwa kwa wingi. Mshahara wao ulirudi nyumbani ukawa ng'ombe, na ng'ombe wakawa mahari. Lakini leo twataka kumtaja mtu mmoja wa mkoa huu huu wetu, Jenerali David Musuguri wa Butiama.

Alizaliwa mwaka 1920. Mwaka 1942 aliingia Keya, akapelekwa Madagaska katika vita ambavyo havikuwa vyake wala vya baba yake. Waingereza walikuwa wakiwanyang'anya kisiwa Wafaransa wa serikali ya Vichy, na mwana wa Butiama ndiye mwenye kubeba bunduki. Wala tusidhani kuwa alifunguliwa mlango kwa sababu hiyo. Katika jeshi lile Mwafrika aliweza kutumika hadi mvi zikamtoka asipite sajini meja. Hata cheo cha efendi kilipoletwa katika miaka ya 1950, kilikuwa mlango nusu. Kijana wa Kizungu aliyetoka shule juzi alimwamuru mtu mzima mwenye watoto, naye mtu mzima hana budi kupiga saluti. Wako wazee waliokufa na uchungu huo.

Uhuru ulikuja Desemba 1961, lakini maofisa wengi wa jeshi walibaki Waingereza. Januari 1964 askari wakaasi, wakidai mishahara mizuri na maofisa Waafrika. Hatuwezi kusifu uasi. Nchi changa ililazimika kuwaita Waingereza wale wale waje kuuzima. Madai yao ni jambo lingine. Jeshi la zamani likavunjwa, na tarehe 1 Septemba 1964 likazaliwa Jeshi la Wananchi. Ndani ya jeshi hilo jipya askari wa Keya kama Musuguri akaweza kupanda mpaka kileleni.

Mengine mwayajua. Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yalivamia Kagera. Februari 1979 Musuguri alipewa kuongoza Divisheni ya 20, na watu wakamwita Jenerali Mutukula. Huko Lukaya, tarehe 10 Machi, jeshi letu lilipigwa likarudi nyuma; Walibya nao walikuwa upande wa Amin. Asubuhi ya pili Brigedi ya 208 ikazunguka ikawapiga kwa nyuma. Mkuu wa brigedi hiyo alikuwa Mwita Marwa, jina ambalo halihitaji tafsiri mbele ya watu wa Nyangoto. Tarehe 11 Aprili Kampala ikaanguka.

Musuguri alikuwa Mkuu wa Majeshi tangu 1980 hata 1988, akastaafu. Hesabuni wenyewe: miaka 46 katika magwanda. Kisha akarudi Butiama akakaa miaka mingine 36, akafariki tarehe 29 Oktoba 2024, na umri wa miaka 104. Miaka hiyo 36 ndiyo inayotushughulisha. Wengi wakiisha onja vyeo hujenga mjini, kijiji kikawaona siku ya msiba tu. Yeye alikuwa na mahali pa kurudi.

Na mahali pa kurudi hapajitunzi. Askari yu Songea, yu Zanzibar, yu mpakani. Nani anayepalilia mihogo? Nani anayeangalia zizi usiku? Nani anayemwuguza mama wa askari? Ni mkewe. Hapewi nishani wala hasimami katika gwaride, bali pasipo yeye jenerali angestaafu akakuta vichaka. Twasema wazi kuwa kazi ya huyu mama ni nusu ya utumishi wa mumewe.

Tena kuna jambo chungu. Baada ya vita vya 1979 bunduki zilianza kusikika katika wizi wa ng'ombe huku kwetu, na wako waliofundishwa kulenga jeshini wakaja kuwalenga jirani zao. Huyo naye tumwite mstaafu? Sisi hatumwiti.

Sasa tufike kwenye karatasi. Twajua nyumba ambazo baba alifia kazini au alikufa muda mfupi baada ya kustaafu, na wajane wakazungushwa ofisi hata ofisi kwa sababu jina lililoandikwa jeshini ni la ndugu wa marehemu, au la mke mmoja kati ya watatu, au la mtu aliyekufa zamani. Hapa Nyamongo hatari ni mbili, kwa maana tangu mgodi ulipofunguliwa mwaka 2002 ardhi ina bei, na askari aliye mbali bila shamba lake kuandikwa atarudi akute mwingine amekwisha kulipwa fidia.

Kwa hiyo, ndugu mwenye kijana jeshini, mwandikie wiki hii. Mwulize ameandika majina ya nani, na kama watoto wote wamo. Nanyi wastaafu mlio hapa msiondoke upesi; leteni vitabu vyenu na barua zenu. Karani atakaa chini ya mti ule mpaka jua lizame, na wajane watatangulia.