Nyumba Ndogo ya Nyeri: Mtoto wa Nangina Anakwenda Kuona Nini?

Mazungumzo na wazazi, walimu na viongozi wa vijana, Nangina, Samia

 

Mwezi wa pili unapokaribia, mzazi mwenye mtoto skauti anaweza kupokea barua kutoka shuleni. Barua inasema watoto wanataka kwenda Nyeri kuadhimisha siku ya mwanzilishi, tarehe 22 Februari. Mzazi huisoma mara mbili: mara ya kwanza kwa ajili ya habari, mara ya pili kwa ajili ya nauli. Kisha huuliza swali lililo halali kabisa: mtoto anakwenda kuona nini huko? Mazungumzo haya ni ya kulijibu swali hilo, bila kumpamba mtu na bila kumficha mzazi kitu.

Nyeri ni mbali. Gari likitoka Nangina alfajiri, likapita Kisumu na Nakuru, siku nzima huishia njiani. Safari inavuka mstari wa Ikweta, na huko mwisho kuna baridi ambayo mtoto aliyezoea joto la Ziwa hajawahi kuilala. Asikose sweta.

Baada ya safari yote hiyo, kinachomngoja ni nyumba ndogo tu. Iko ndani ya uwanja wa hoteli ya Outspan, pembezoni mwa mji wa Nyeri. Inaitwa Paxtu. Haina ghorofa wala nguzo za fahari. Ina baraza, na siku mawingu yakifunguka, Mlima Kenya huonekana. Ndani kuna picha za zamani, na kuna skafu na beji ambazo maskauti kutoka nchi nyingi wameziacha kama ishara kwamba walifika.

Mwenye nyumba alikuwa Robert Baden-Powell, Mwingereza aliyezaliwa London tarehe 22 Februari 1857, mwanzilishi wa skauti. Alihamia hapo mwaka 1938 pamoja na mkewe, Olave, akiwa na umri wa miaka 81 na moyo umechoka. Hoteli ilikuwa ya Eric Sherbrooke Walker, ambaye zamani alikuwa katibu wake. Nyumba yao ya Uingereza waliiita Pax Hill. Pax ni neno la Kilatini lenye maana ya amani. Hii ya Nyeri wakaiita Paxtu, kwa kucheza na maneno ya Kiingereza: Pax ya pili. Kwa hiyo mtoto wa Nangina akifika mlangoni na kusema "mulembe", atakuwa amelitaja jina la nyumba kwa lugha ya kwao.

Baden-Powell aliishi humo miaka miwili na ushei, akiandika barua na kuchora wanyama. Alifariki tarehe 8 Januari 1941. Kaburi lake liko mjini humo humo, katika makaburi ya Kanisa la Mtakatifu Petro. Juu ya jiwe lake kuna alama ya duara lenye nukta katikati. Kila skauti anayejua alama za njia huisoma bila kufundishwa: nimemaliza safari, nimekwenda nyumbani. Mkewe alifariki Uingereza mwaka 1977, na majivu yake yakaletwa kuzikwa hapo hapo. Baada yao, Paxtu ilikaliwa na Jim Corbett, mwindaji na mwandishi aliyetoka India na dada yake mwaka 1947, ambaye naye amezikwa karibu.

Hizo ndizo habari ambazo mtoto ataambiwa. Zipo nyingine ambazo lazima aende akizijua.

Baden-Powell alikuwa mwanajeshi wa dola lililoitawala Afrika. Mwaka 1896, katika vita vya Matabeleland, nchi ambayo leo ni Zimbabwe, chifu mmoja aitwaye Uwini alitekwa. Baden-Powell aliamuru ashtakiwe mbele ya mahakama ya kijeshi, na chifu huyo akapigwa risasi. Wakubwa wake walifanya uchunguzi juu ya jambo hilo, lakini hakuadhibiwa. Miaka michache baadaye alipata sifa kubwa kwa kuulinda mji wa Mafeking, Afrika Kusini, uliozingirwa na Makaburu kwa siku 217, tangu 1899 hadi 1900. Wakazi Waafrika wa mji huo waliteseka kwa njaa kuliko Wazungu, kwa sababu chakula hakikugawanywa sawa.

Nyeri yenyewe ina upande wake wa historia. Dedan Kimathi alikamatwa karibu na mji huo mwezi Oktoba 1956, akahukumiwa Nyeri, akanyongwa Kamiti tarehe 18 Februari 1957. Mtoto anayepelekwa Paxtu asipoambiwa habari za Kimathi atakuwa ameonyeshwa Nyeri nusu. Mwalimu asiogope kuzisema habari hizi. Mtoto anayeelezwa ukweli wote hamdharau mwalimu wake. Anayemdharau ni yule atakayeukuta ukweli peke yake baadaye.

Kama hivyo ndivyo, kwa nini aende? Kwa sababu kuna jambo moja ambalo mzee huyo aliligundua, na mpaka huu wa Busia na Malaba unalihitaji sana.

Katika siku zile za Mafeking, wavulana wa mji walipewa kazi ya kupeleka ujumbe, kwanza kwa punda, kisha kwa baiskeli. Hapa hakuna haja ya kueleza baiskeli inaweza kufanya nini. Neno bodaboda lenyewe lilizaliwa kwenye mpaka huu, kwa vijana waliokuwa wakiwabeba wasafiri kwa baiskeli kutoka kituo cha Kenya hadi cha Uganda. Kilichoonekana Mafeking ni kwamba mtoto akipewa kazi ya kweli na kuaminiwa, huifanya.

Mwezi Agosti 1907, Baden-Powell aliwachukua wavulana wapatao 20 hadi kisiwa cha Brownsea, Uingereza. Wengine walikuwa watoto wa matajiri, wengine wa wafanyakazi wa kawaida. Aliwachanganya, akawagawa katika vikundi vinne, na kila kikundi kikawa na kiongozi ambaye naye ni mvulana. Mtu mzima hakusimama kichwani mwao kila dakika. Kikundi kilipika chakula chake, kililinda kambi yake na kujibu makosa yake. Mwaka uliofuata alichapisha kitabu, na vijana wakaanza kuunda vikundi vyao wenyewe hata kabla chama hakijakaa sawa. Mwaka 1910 skauti ilikuwa imefika Kenya. Leo duniani kuna maskauti zaidi ya milioni 50.

Siri yote ni hiyo: kikundi kidogo cha watoto sita hadi wanane, kiongozi wao ni mwenzao, na kazi ni ya kweli.

Sasa tazameni hapa kwetu. Wapo watoto wa mpakani ambao mtu mzima wa kwanza kuwaamini na kazi alikuwa mfanya magendo. Aliwapa mzigo wauvushe kwa njia ya panya, akawaambia wao ni hodari, akawalipa jioni. Nyumbani walikuwa wakiambiwa kaa kimya, wewe bado mdogo. Kijana hakuchagua uovu. Alichagua mahali alipoonekana ana maana. Asiyempa mtoto wake jukumu asishangae mtu mwingine akimpa.

Kwa hiyo jibu la mzazi ni hili. Safari ya Nyeri ina thamani ikiwa watoto wenyewe wameiandaa. Kiongozi wa kikundi apige hesabu ya nauli na chakula. Mwingine aandike barua ya kuomba nafasi hotelini mapema, kwa kuwa nyumba imo ndani ya uwanja wa watu. Mwingine atafute habari za Uwini, mwingine za Kimathi. Wakirudi, wasimame mbele ya kijiji wakaeleze walichokiona na wasichokubaliana nacho. Safari ambayo mwalimu amefanya kila kitu na mtoto amebebwa kama gunia itarudi na picha za simu tu.

Na mzazi asiye na nauli asijione ameshindwa. Kikundi cha watoto sita chini ya mwembe hapa Nangina ni skauti kamili. Kazi haikosi: kisima kinahitaji kusafishwa, njia ya kwenda hospitali ya misheni ina mgonjwa wa kusaidiwa, na kuna wazee wanaokumbuka habari za wahunzi wa Samia, ambao majembe yao yaliuzwa mbali kuzunguka Ziwa zamani. Watoto wakae na wazee hao waziandike.

Hilo la mwisho lina uzito wa kisheria pia. Katiba ya 2010, katika Jedwali la Nne, imeweka makumbusho miongoni mwa kazi za serikali za kaunti. Paxtu ni vyumba vichache tu, lakini watu huvuka bahari kuja kuviona kwa sababu kuna mtu aliyeamua visibomolewe. Nyumba ngapi za wazee wa Samia, Teso na Bunyala zimeanguka na kumbukumbu zake zikafukiwa na matofali? Mwananchi ana haki ya kuliuliza swali hilo katika kikao cha maoni ya bajeti, na kaunti ina wajibu wa kujibu. Mkija na daftari la watoto mkononi, swali litakuwa na nguvu zaidi.

Inasemekana mgeni haendi mikono mitupu. Mtoto atakayefika Paxtu aache skafu yake ukutani kama wengine. Arudi na kikundi chake kikiwa kimeshikamana, na kesho yake apewe kazi.