Usibadili Kilichovunjika, Tafuta Kinachovunja

Wiki hii nataka tuzungumze habari ya magurudumu yanayorukaruka. Sina maana ya gari linaloruka kwa sababu ya mashimo ya barabarani. Hayo tumeyazungumza sana, na naamini tutayazungumza tena. Nina maana ya gari dogo lenye injini kali, linalovutwa na magurudumu ya mbele. Dereva anapokanyaga mafuta kwa nguvu wakati wa kuondoka, pua ya gari hutetemeka, usukani humgongagonga mikononi, na chini husikika mlio kama wa mtu anayepiga bati kwa nyundo. Gari halichomoki kama alivyotarajia. Linadundadunda, na siku moja kitu hukatika.

Vijana wengi huliona jambo hili kuwa dalili ya nguvu. Nimewasikia vijiweni wakisifiana kwamba gari la fulani lina moto hadi linaruka. Mimi nasema hiyo si sifa. Huo ni ugonjwa, una sababu zake na una dawa zake, na anayeupuuza hulipa kwa fedha yake, pengine kwa maisha yake au ya mwenzake.

Tuchukue gari moja ambalo wengi wetu tunalifahamu, yaani Toyota Starlet. Zimeingia kwetu kwa wingi zikiwa zimetumika Japani, na watu wamezipenda kwa sababu hazili mafuta na spea zake zinapatikana. Lakini Starlet ina ndugu yake mkali, mwenye tabo, aliyeitwa Glanza V, aliyetengenezwa kati ya mwaka 1996 na 1999. Injini yake ni ndogo, sentimita za ujazo 1,331 tu, lakini tabo iliipandisha hadi nguvu za farasi 135, wakati ndugu yake asiye na tabo alikuwa na kama 85. Gari lenyewe halifiki tani moja. Ukipewa gari jepesi namna hiyo na nguvu namna hiyo, mguu wa kulia huwasha.

Sasa kwa nini liruke? Kwanza, gari lolote linapoondoka kwa kasi, uzito wake huegemea nyuma. Abiria aliyesimama ndani ya daladala anaijua habari hii bila kufundishwa: dereva akiondoka ghafla, wote mnalala nyuma. Tuseme gari lina kilo 950, kutoka ekseli ya mbele hadi ya nyuma ni mita 2.3, na kitovu cha uzito wake kiko nusu mita kutoka ardhini. Likiongeza mwendo kwa kilomita 14 kwa saa katika kila sekunde, mzigo wa kama kilo 80 huondoka juu ya magurudumu ya mbele na kwenda nyuma. Kwa gari linalosukumwa na magurudumu ya nyuma, hiyo ni neema. Kwa hili letu linalovutwa na ya mbele ni hasara, kwa sababu magurudumu yale yale yanayotakiwa kushika barabara ndiyo yanayopunguziwa mzigo.

Pili, hakuna kitu chini ya gari kilichofungwa kikakakamaa kama jiwe. Injini na giaboksi vimekalia maunti zenye mpira. Mkono wa chini unaolishika gurudumu umefungwa kwa bushi za mpira. Mpira huo umewekwa kwa makusudi, ili mtikisiko wa injini na wa barabara usitufikie vitini. Lakini katika gia ya kwanza msokoto wa injini huzidishwa mara 12 au zaidi kabla ya kufika kwenye magurudumu. Magurudumu yanaposokotwa kwenda mbele, injini nayo husokotwa kurudi nyuma, na maunti ndizo zinazoizuia. Wakati huo huo gurudumu linavuta mkono wake kwenda mbele, na bushi zinakamuliwa.

Hapo ndipo mchezo unapoanza. Umewahi kusukuma meza nzito juu ya sakafu ya saruji? Haitelezi vizuri. Inang'ang'ania, unasukuma zaidi, inaachia kwa kishindo, inang'ang'ania tena, na miguu yake inalia ngurungu-ngurungu. Tairi nalo hufanya hivyo hivyo. Linashika lami, mpira wote ule unajikunja na kujaa nguvu kama manati iliyovutwa, kisha tairi linashindwa na kuteleza. Manati imeachiwa. Injini inarudi mahali pake, mkono unarudi nyuma, tairi linashika tena, na mzunguko unaanza upya. Mambo haya yote hutokea kama mara 10 hadi 15 katika sekunde moja. Kila tairi linaposhika upya, shafti inayolizungusha gurudumu inapigwa kipigo kimoja, pamoja na sivi jointi zake na meno ya difu ndani ya giaboksi. Chuma hukivumilia kipigo kimoja. Mamia yake hukichosha.

Mpwa wangu mmoja, fundi umeme, alinunua gari la aina hii kwa akiba ya miaka minne. Katika miezi 14 shafti ya upande wa kulia ilikatika mara tatu. Kila mara aliipeleka gereji ile ile, kila mara aliuziwa shafti nyingine, na kila mara aliambiwa kwamba spea za siku hizi ni mbovu. Mara ya tatu ilikatika alipokuwa akiingia Barabara ya Morogoro, upande wa Kibaha, mkewe na mtoto wa miaka mitatu wakiwa ndani. Shafti moja ikikatika katika gari la kawaida la namna hii, nguvu yote hupotelea upande uliokatika. Injini ililia, gari likasimama limekaa nusu barabarani, na lori lililokuwa likija likalazimika kushuka bega la barabara ili lisiwakanyage. Waliokoka kwa umakini wa dereva wa lori.

Baada ya hapo alikwenda kwa mzee mmoja mwenye gereji chini ya mwembe. Mzee yule hakuitazama shafti kwanza. Aliomba tochi na mtaimbo. Akakuta maunti ya nyuma imechanika mpira wake kabisa, injini inacheza kama jino bovu. Akakuta bushi za mkono wa chini si bushi tena, bali vipande vya tairi la zamani vilivyochongwa kwa kisu na kupachikwa. Shafti haikuwa na kosa. Shafti ilikuwa ndiyo inayobeba kosa la wengine. Mzee aliweka maunti na bushi mpya, akamalizia kwa shafti. Sasa ni mwaka wa pili, na shafti ni ile ile.

Ndugu wasikilizaji, hili ndilo ninalotaka tuondoke nalo leo. Gereji ile ya kwanza ilikuwa ikibadili kilichovunjika, na haikuwahi kuuliza ni nini kinachovunja. Na tukumbuke kwamba gari la mwisho la aina hiyo lilitoka kiwandani mwaka 1999. Mpira ambao haujawahi kubadilishwa una umri wa zaidi ya robo karne. Mpira huzeeka hata gari likiwa limeegeshwa. Hukauka, hupasuka, huacha kushika. Halafu kijana ananunua gari hilo na jambo la kwanza analofikiria ni kuongeza tabo!

Basi tufanyeje? Nitaeleza kwa mpangilio, na naomba mpangilio huo ufuatwe, kwa sababu ndio unaookoa fedha.

Kwanza ni ukaguzi. Fungua boneti, gari likiwa mahali tambarare, breki ya mkono imevutwa. Mtu mmoja aketi kwenye usukani, mguu wa kulia ukiwa juu ya breki, aachie klachi kidogo tu katika gia ya kwanza hadi injini ianze kubeba, kisha aikanyage tena. Afanye vivyo hivyo katika gia ya nyuma. Mwingine asimame pembeni, kamwe asisimame mbele wala nyuma ya gari, aitazame injini. Kuinama kidogo ni kawaida. Ikijitupa na kugonga, maunti imekwisha. Kisha gari likalishwe juu ya stendi imara, si jeki peke yake, fundi apenyeze mtaimbo kwenye bushi na boljointi atafute ulegevu. Shokapu inayovuja nayo haina kazi tena ya kutuliza gurudumu. Matairi ya mbele yawe ya aina moja, yamechakaa sawa, na upepo uwe ule ulioandikwa na mtengenezaji. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ufa wa gari hili mara nyingi ni bushi.

Pili, ukishaweka vifaa vipya vya kawaida na ukaona bado linaruka, ndipo ufikirie vifaa vikavu zaidi. Zipo maunti na bushi za poliyurethani, ambazo hazikunjiki kirahisi kama mpira. Anza na maunti inayozuia injini isisokoteke, kwa kawaida ile ya nyuma au ya chini, halafu bushi za mkono wa chini. Kwa magari mengi hivyo viwili hupunguza sehemu kubwa ya ugonjwa. Lakini ujue unachonunua. Kadiri unavyokaza, ndivyo mtikisiko unavyoingia ndani. Dashibodi italia, na kioo cha pembeni kitatetemeka kwenye mataa. Wanaofunga injini chuma kwa chuma ni watu wa mashindano, na gari lao halimpeleki mtoto shule.

Tatu, kuna mambo yanayouzwa kama dawa, nayo si dawa ya ugonjwa huu. Kukata springi ili gari liwe chini hubadili pembe za mikono na za shafti, na mara nyingi huongeza matatizo. Difu inayogawa nguvu kwa magurudumu yote mawili ni kitu kizuri, husaidia gurudumu moja lisizunguke bure; lakini haitaziba bushi iliyokufa. Hata matairi mapya yenye kushika sana, juu ya bushi mbovu, yanaweza kuzidisha kipigo, maana manati huvutwa zaidi kabla ya kuachiwa.

Nne ni mguu wa dereva. Magurudumu yakianza kuruka, punguza mafuta mara moja. Usishindane nayo ukidhani yatatulia. Achia, yashike, kisha ongeza taratibu. Wala hii si dawa ya wanyonge. Kampuni ya Mazda, ilipotoa Mazdaspeed3 ya mwaka 2007 huko Marekani, gari linalovutwa na magurudumu ya mbele na lenye nguvu za farasi 263, ilipanga kompyuta ya injini ipunguze msokoto katika gia za chini. Wahandisi wenye maabara na viwanja vya majaribio waliona kwamba magurudumu mawili ya mbele hayawezi kupokea kila kitu kwa mara moja. Kama kiwanda kiliona hivyo, sisi wa mtaani tunabishana na nani?

Kwa mafundi wetu nina neno moja. Najua mteja anapokuja amekwisha amua: anataka shafti, anataka iwe rahisi, na anataka aondoke jioni. Ukimwambia anunue maunti na bushi, atadhani unamwibia. Mwonyeshe. Mpe tochi, mpe mtaimbo aushike mwenyewe, aone injini inavyocheza. Mteja aliyeona kwa macho yake hulipa bila kinyongo, na hurudi. Aliyeuziwa shafti tatu atakutangaza mji mzima, na atakuwa na haki.

Na kwa vijana wenye magari haya: sikukatazeni kuyapenda. Ni magari mazuri, yametengenezwa kwa akili. Lakini barabara ya watu wote si uwanja wa mashindano, hata gari likiwa limekazwa kila bolti. Na lisipokuwa limekazwa, kila unapoondoka kwa fujo kwenye mataa unaitoza shafti deni ambalo hujui siku litakapodaiwa. Laweza kudaiwa ukiwa peke yako gerejini. Laweza pia kudaiwa katikati ya barabara, na lori nyuma yako.

Ndugu wasikilizaji, kabla ya kuongeza nguvu, kagua kinachoishika nguvu uliyonayo. Kwa leo naishia hapa.