Nyumba ya vitabu ya wachimbaji wa Tredegar



Wengi mumetuomba tuandikie kompanyi barua, itujengee nyumba ya vitabu. Sisi makarani tunaweza kuiandika hata leo, tena kwa maneno mazuri. Lakini sikieni kwanza habari ya Tredegar, mji mdogo wa makaa ya mawe huko Wales, katika ufalme wa Uingereza.

Nyumba ya vitabu ya Tredegar ilikuwa ya wachimbaji wenyewe. Huko Wales, tangu karne ya 19, wafanyakazi wa mashimo mengi walikubali kukatwa mshahara kidogo kwa kazi hiyo. Mara nyingi peni moja katika kila pauni. Pauni ya siku zile ilikuwa na peni 240. Hesabuni wenyewe, halafu hesabuni pombe ya Jumamosi! Na kwa kuwa feza ni yao, walichagua komite yao, nayo komite ikasema ni kitabu gani kiingie. Hapo ndipo penye nguvu. Sisi tunavijua vitabu vya kupewa: namna ya kufuga kuku, namna ya kufagia kiwanja. Si vibaya, lakini aliyevichagua hakutuuliza.

Mwaka 1934 nyumba kama hizo zilipita 100 katika inchi ile ya makaa. Lakini ilikuwa miaka ya kukosa kazi. Watu walikuwa na saa nyingi za kusoma, vitabu vikachakaa mikononi, na feza ya kununua vingine ikapungua, maana asiye na mshahara hana cha kukatwa. Hatari hiyo hatuwafichi.

Kijana mmoja wa Tredegar, Aneurin Bevan, aliingia shimoni na miaka 13. Alikuwa na kigugumizi. Katika vitabu alitafuta maneno mengine ya kushika pale ulimi unapokwama. Baadaye alikaa katika komite ya vitabu. Mwaka 1945 akawa waziri wa afya, na mwaka 1948 watu wote wa Uingereza wakaanza kutibiwa bila kulipa mlangoni.

Mashimo yalipofungwa, vitabu vingi vya wachimbaji viliuzwa ao kutupwa. Vilivyookolewa vilikusanywa Swansea, katika nyumba iliyofunguliwa mwaka 1973.

Basi barua ya kompanyi ingali mezani, haijatiwa sahihi. Jumapili, kila kartie ilete watu wawili, mmoja awe mama, pamoja na majina ya vitabu wanavyotaka. Habari ya feza tutaisema siku hiyo.