Kazi ya Mashine ni ya Nani?

Mazungumzo na kikundi cha akina mama, Chepilat

 

Sisi tunaoishi penye chai tumezoea kuambiwa kwamba kuchuma majani ni kazi ya mikono ya mwanamke: vidole vyepesi, subira, jicho la kuona majani mawili na chipukizi. Basi mashine zilipoingia katika mashamba makubwa, ikasemwa hiyo sasa ni kazi ya wanaume. Kwa nini? Ati ni nzito, ati ina injini. Mwezi wa Mei 2023 watu walichoma mashine kadhaa huko Kericho kwa hasira ya kupoteza vibarua. Lakini hata zile nafasi chache za mashine, mama gani aliulizwa kama anaziweza?

Mashine yenyewe hushikwa na watu wawili, mmoja huku na mwingine kule, juu ya mstari wa chai. Mama anayebeba kikapu cha majani mgongoni, na jioni kuni na maji, nani alimpima nguvu akaona hazitoshi? Hakupimwa. Alitazamwa tu, akaambiwa arudi nyumbani. Na ninyi akina baba, binti akitaka kujifunza injini, msimwambie atakosa mume!

Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 5, inamkataza mwajiri kubagua mtu kwa sababu ya jinsia au mimba, tangu siku ya kuandika watu kazi. Mkifika kortini, mwajiri ndiye wa kuthibitisha kwamba hakubagua.

Tena kuna jambo zito zaidi. Kwa kuwa unyapara nao huhesabiwa kuwa wa kiume, anayeandika watu kazi mara nyingi ni mwanamume. Februari 2023 BBC ilitangaza habari za wanawake zaidi ya 70 wa mashamba ya chai ya Kenya, waliosema walidhulumiwa kimapenzi na wasimamizi wao. Anayeshika kalamu ya kibarua anashika pia chakula cha watoto.

Kwa hiyo, mama akikataliwa kwa kuwa ni mwanamke au ana mimba, aandike siku hiyo hiyo: tarehe, kazi iliyotangazwa, maneno aliyoambiwa, na nani alikuwa karibu akisikia. Karatasi hiyo aipeleke ofisi ya leba. Asiyejua kuandika aje kwetu, tutaandika naye.