Mlango wa Udaktari wa Huduma: Karatasi na Kazi

Hotuba ya mchungaji mkimbizi mbele ya Kamati ya Jumuiya, Siku ya Wakimbizi Duniani, tarehe 20 Juni

    

Kamati imeniomba niseme juu ya swali ambalo wengi mmeniuliza mlangoni kwangu na hata kwenye foleni ya chakula: je, mchungaji mkimbizi anaweza kupokelewa kusoma udaktari wa huduma? Jibu langu ni ndiyo. Lakini njia ni ndefu, na mlango wake una funguo mbili. Ufunguo wa kwanza ni karatasi. Wa pili ni kazi. Sisi wa kambini tuna kazi nyingi na karatasi chache. Ndiyo maana nasimama hapa leo.

Kwanza tujue kitu chenyewe. Udaktari wa huduma, ambao kwa kifupi huandikwa D.Min., si sawa na Ph.D. Ph.D. humtengeneza mtafiti na mwalimu wa chuo kikuu. D.Min. ni ya mtu ambaye tayari anachunga, anafundisha, anatembelea wagonjwa, anapatanisha watu, naye anataka kuifanya kazi hiyo kwa ujuzi zaidi. Shahada hii ilienea Marekani tangu miaka ya 1970. Kwa kawaida mwanafunzi haachi kazi yake. Husoma kwa vipindi vifupi, wiki moja au mbili kwa mara moja, kisha hurudi kwa waumini wake. Mwishoni huchagua tatizo moja la huduma yake, hulishughulikia, huandika alichofanya na alichojifunza, na kukitetea mbele ya walimu. Yote hayo huchukua miaka mitatu au zaidi.

Shule zinadai nini? Kila shule ina kanuni zake, lakini nyingi hudai mambo haya. Uwe na shahada ya uzamili ya theolojia iitwayo M.Div., ambayo kwa kawaida ni miaka mitatu baada ya shahada ya kwanza, au masomo yanayolingana nayo. Uwe na alama nzuri. Shule nyingi za Marekani hutaka wastani wa 3.0 katika kipimo cha 4.0. Uwe umefanya huduma, mara nyingi miaka mitatu baada ya shahada hiyo. Ulete barua za watu wanaokujua, pamoja na ya kanisa lako. Uandike maelezo ya huduma yako na sababu ya kutaka kusoma. Na kama masomo ni kwa Kiingereza, uonyeshe kwamba unakijua, mara nyingi kwa mtihani kama TOEFL.

Wapendwa, shikeni yale maneno "yanayolingana nayo". Ndiyo mlango wetu. Nitawaeleza jinsi nilivyougonga.

Mimi nilimaliza lisansi ya theolojia huko Kongo mwaka 1994. Mwishoni mwa 1996 vita vilipotufikia Fizi tulivuka Ziwa Tanganyika usiku. Mtumbwi ulijaa kupita kiasi, maji yakaanza kuingia, mwenye mtumbwi akaamuru mizigo itupwe. Mkono mmoja nilishika mtoto, mkono mwingine begi la vyeti. Nilishika mtoto, nikatupa begi. Sijutii. Mtoto yule leo ni mama wa watoto watatu. Lakini kuanzia usiku ule mimi, mbele ya ofisi yoyote, nilikuwa mtu asiyesoma.

Mwaka 2011 niliomba nafasi katika shule moja ya ng'ambo. Walinijibu kwa adabu kwamba haiwezekani. Sababu zilikuwa mbili. Ya kwanza, sikuwa na cheti wala orodha ya alama. Ya pili iliniuma zaidi: waliposoma neno "lisansi" walidhani ni leseni, yaani kibali cha kuhubiri tu! Ndugu zangu Wakongomani mnajua, kwa utaratibu wetu wa zamani mtu alisoma miaka mitatu akapata gradua, kisha miaka miwili akapata lisansi. Miaka mitano ya chuo kikuu ilihesabiwa kuwa karatasi ya kuhubiri sokoni.

Nilikaa na huzuni karibu mwaka mzima. Kisha mke wangu akaniambia, "Baba, hawakusema wewe ni mwongo. Wamesema hawajaona." Neno hilo likaniamsha. Niliandikia shule yangu ya zamani. Barua mbili hazikujibiwa. Ya tatu niliipitisha kwa mwenzangu tuliyesoma naye, akaenda mwenyewe mpaka ofisini, wakafungua madaftari ya zamani, wakanikuta. Ilichukua miaka miwili kupata orodha ya alama yenye mhuri. Niliambatisha ukurasa mmoja unaoeleza jinsi elimu ya Kongo inavyopangwa, mwaka kwa mwaka, saa kwa saa. Shule nyingine ikasoma, ikajibu: lisansi yako inakaribia, lakini imepungukiwa kozi sita. Nikazisoma zote sita kwa mbali, usiku, katika chumba cha kompyuta cha hapa kambini. Mwaka 2022 nikapokelewa. Basi msiniite daktari. Bado ni mwanafunzi.

Nataka kuonya pia, kwa upendo. Ndugu yetu mmoja aliuza baiskeli na mabati, akatuma dola kwa "chuo" kilichomwahidi udaktari ndani ya wiki sita. Hakuna darasa, hakuna mwalimu, hakuna mtihani. Cheti kikaja kinang'aa. Baadaye alipoomba masomo ya kweli, cheti kile kilitiliwa shaka, na vyeti vyake halali navyo vikatiliwa shaka. Alipoteza mali, na jina pia. Kabla ya kulipa hata senti moja, uliza: nani ameipa shule hii ithibati? Tanzania iko Tume ya Vyuo Vikuu. Kenya nao wana tume yao. Kwa shule za theolojia Afrika liko shirika la ACTEA, lililoanzishwa mwaka 1976. Shule ya kweli haikasiriki ukiuliza. Tena udaktari wa heshima ni heshima. Hauhesabiwi kama masomo.

Sasa, tufanye nini kuanzia kesho? Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Huduma nayo ni mali.

La kwanza: kila mtumishi awe na daftari. Andika tarehe uliyoanza, kanisa lipi, mahali gani, umefundisha nini, umezika wangapi, umepatanisha nyumba ngapi. Mzee wa kanisa atie sahihi kila mwaka. Mama wachungaji, hasa ninyi! Mmebeba huduma miaka ishirini bila cheo, na siku ya kuulizwa mtaambiwa hakuna ushahidi. Andikeni.

La pili: tusiruke ngazi. Aliye na cheti cha shule ya Biblia atafute diploma, wa diploma atafute shahada, wa shahada atafute uzamili. Vijana waulize habari za ufadhili wa DAFI, ulioanza mwaka 1992 kwa msaada wa Ujerumani. Huo ni wa shahada ya kwanza, si wa udaktari, lakini bila shahada ya kwanza udaktari hauna mahali pa kusimama.

La tatu: nakala za vyeti zisikae mahali pamoja. Moja nyumbani, moja kanisani, picha yake kwenye simu ya mtoto aliye mbali.

Kwa wageni wetu wa mashirika na serikali, naomba kwa heshima. Mkataba wa Wakimbizi wa 1951, kifungu cha 22, unataja kutambuliwa kwa vyeti vya shule na shahada tulizopata nje. Kifungu cha 25 kinahusu kusaidiwa kupata hati ambazo kwa kawaida mtu angezipata kwa serikali ya nchi yake. Na Mkataba wa UNESCO wa 2019 juu ya kutambua elimu ya juu, ulioanza kufanya kazi mwaka 2023, unamkumbuka mkimbizi aliyepoteza karatasi. Hatuombi kupewa alama ambazo hatukuzipata. Tunaomba mhuri kwenye nakala, barua ya utambulisho, na kibali cha kutoka kambini kitolewe kabla darasa halijakwisha. Mwaka jana mwenzangu alipata kibali siku ya nne ya darasa la siku tano. Alikwenda, akasoma siku moja, akarudi. Ada ilikuwa imeshalipwa.

Ndugu zangu, shule hizi zinamtaka mtu mwenye huduma hai mkononi. Hapa kambini tunazika, tunaozesha, tunawatuliza waliopoteza kila kitu, tunakaa katikati ya makabila yaliyopigana. Kazi hiyo inatosha kupelekwa mbele ya walimu wowote. Begi langu lilizama ziwani, lakini jina langu lilikuwa limeandikwa katika daftari la watu wengine, nalo ndilo lililoniokoa. Basi tuandikane.

Mungu awabariki.