Hilo Baka la Ugokoni Lisisuguliwe

Dada mmoja wa kijiji cha Munje ameniuliza: mamake ana kisukari, na ugokoni kumetoka baka linalong'aa. Haliwashi, haliumi, dawa ya fangasi haikulitoa. Majirani wanasema ni ukoma. Dada, hata mimi ninalo baka kama hilo, nisikilize.

Huku Ujerumani ninakoishi, bima ya afya inakatwa kwenye mshahara kila mwezi, lakini ukitaka daktari wa ngozi unapewa tarehe ya miezi ijayo. Inaudhi! Nilipomfikia, picha zote alizonionyesha ni za miguu ya Wazungu: baka la manjano, ukingo mwekundu. Langu katikati ni kahawia, jembamba kama ganda la kitunguu hadi mishipa inaonekana, na ukingo umekolea weusi. Walikata kipande kidogo, maabara ikathibitisha: nekrobaiosisi lipoidika.

Daktari Oppenheim aliueleza ugonjwa huu mwaka 1929. Ni nadra: hata kwa wenye kisukari, ni kama mtu 1 kati ya 100 au pungufu, wengi wao wanawake. Nyuzi zinazoishikilia ngozi huharibika, na kuta za mishipa midogo ya damu hunenepa. Hauambukizi. Lakini baka hili nalo laweza kufa ganzi kama la ukoma, kwa hiyo jirani hawezi kupima kwa macho. Na hata ukiwa ukoma, unatibika, dawa ni bure.

Hapa niseme la pesa. Sisi wa ng'ambo tunapenda kuleta mashine ya kupima sukari, tunapiga nayo picha, stripu zikiisha inalala kabatini. Kakangu alipotaka simu mpya nilimwambia: kwanza stripu za mama yetu. Ninyi wa nyumbani, tuombeni stripu bila haya.

Haraka haraka sasa, turudi kwenye baka. Msilikwangue, msilichanje, msipake majivu wala mkorogo. Ngozi hiyo ikigongwa huchanika, na kwa karibu theluthi ya wagonjwa hugeuka kidonda kikaidi. Mgonjwa akienda shamba avae soksi ndefu. Krimu ya steroidi ni kwa agizo la daktari tu, ikizidi huikondesha ngozi. Anayevuta sigara aache. Sukari ishushwe hata kama baka litabaki, maana macho na figo vinategemea hilo. Na mwenye baka hili asiyejua sukari yake, apimwe.

Dada, mpeleke mama hospitali ya Msambweni wiki hii. Aseme mapema kwamba ana kisukari, na pakiwa na kidonda, msingoje hiyo wiki iishe.