Paka Wako Ana Mimba?

Msikilizaji wa Umoja, Kayole, Buruburu, Dandora: paka wako amejaa tumbo? Chuchu zimevimba na kuwa nyekundu? Huenda huyo ana mimba. Hukupanga, najua. Lakini usimfukuze. Tafadhali, usimfukuze.

Mimba ya paka huchukua wiki 9 hivi. Tafuta katoni, tandika nguo kuukuu, iweke mahali pasipo na kelele. Hata kama unaishi chumba kimoja kwenye ploti, chini ya kitanda panatosha. Mwongezee chakula, na maji safi yasikose. Usimpe Panadol kamwe. Panadol huua paka. Akisukuma kwa nusu saa bila mtoto kutoka, mkimbize kwa daktari wa mifugo.

Wakizaliwa, usiwatupe jalalani wala kuwaacha sokoni. Huo ni ukatili, na sheria ya Kenya inakataza kutesa wanyama. Waache na mama yao wiki 8, huku ukiwatafutia makao kwa majirani. Wenye maduka wanaosumbuliwa na panya, waulize hao kwanza.

Sasa sikiliza hili vizuri. Paka anayenyonyesha anaweza kushika mimba nyingine. Ndiyo, watoto wangali wananyonya! Basi mfungie ndani. Watoto wakishaacha kunyonya, afungwe kizazi. Shirika la kulinda wanyama la KSPCA, kule Karen, hushughulikia kazi hiyo, na madaktari wa mifugo mtaani pia. Uliza bei mapema, uanze kuweka akiba leo.

Narudia, msikilizaji: mpeleke paka wako afungwe kizazi.